Gabbar Alikufa au Alikamatwa?

Siku tulipoonyeshwa Sholay kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu Tabata, mwanzoni mwa miaka ya tisini, hakuna aliyenyanyuka kabla mkanda haujakwisha. Thakur Baldev Singh, mzee asiye na mikono, alikuwa amemwangusha jambazi Gabbar Singh kwa miguu iliyovaa viatu vyenye misumari kwenye soli, na mbele ya macho yetu Gabbar akafa. Thakur akalia. Tukatoka nje tumelowa jasho, tukibishana nani mkali kati ya Jai na Veeru. Juu ya kifo cha Gabbar hapakuwa na la kubishania. Adui alikufa kama adui anavyotakiwa kufa.

Nyumbani nikamsimulia mjomba. Yeye alikuwa mtu wa sinema za mjini, wa enzi zile ambazo watu walivaa wakapendeza kwenda kuangalia picha. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

“Wewe hujaiona Sholay,” akaniambia. “Gabbar hafi. Polisi wanakuja wanamchukua.”

“Anakufa, mjomba. Nimemwona kwa macho yangu.”

“Na mimi nimemwona kwa macho yangu, tena kwenye pazia kubwa, si kwenye kitelevisheni chenu hicho.”

Nikaapa, naye akaapa. Mama akatuuliza huyo Gabbar ni wa ukoo gani hata atupigishe kelele usiku ule. Kesi ikaahirishwa, na kwa miaka mingi ikawa inafufuka kila panapotokea msiba au harusi inayotukutanisha. Mimi niliamini mjomba amesahau. Mjomba aliamini mimi ni mtoto wa kibanda umiza, niliyelala nusu ya picha nikaota mwisho wangu mwenyewe.

Wote wawili tulikuwa tunasema kweli. Ili kulielewa hilo inabidi kurudi mwaka 1973, kwenye vilima vya mawe vya Ramanagara, kando ya barabara ya kutoka Bangalore kwenda Mysore.

Huko ndiko mtengenezaji G. P. Sippy na mwanawe Ramesh, aliyekuwa mwongozaji, walikojenga kijiji kizima cha kuigiza na kukiita Ramgarh. Hadithi iliandikwa na watu wawili, Salim Khan na Javed Akhtar, ambao India nzima iliwajua kwa jina moja la Salim-Javed. Upigaji picha ulianza Oktoba 1973 chini ya mpiga picha Dwarka Divecha. Hadithi yenyewe haikuwa ngumu. Thakur, afisa wa polisi wa zamani, ameuliwa familia yake na Gabbar, kisha akakatwa mikono yote miwili. Anawakodi wezi wawili wadogo, Jai na Veeru, wamletee Gabbar akiwa hai. Amitabh Bachchan alikuwa Jai, Dharmendra akawa Veeru, Sanjeev Kumar akawa Thakur. Gabbar aliigizwa na Amjad Khan, kijana ambaye wakati ule hakuwa na jina kubwa, na ambaye baada ya hapo hakuweza tena kupita barabarani bila kuitwa Gabbar.

Zingatia neno hilo, “akiwa hai”. Picha nzima imeegemea hapo. Karibu na mwisho, Jai akiwa ameshakufa darajani, Veeru anamshika Gabbar na yuko tayari kummaliza. Thakur anatokea na kumkumbusha ahadi: Gabbar ni wangu. Mtu aliyekatwa mikono anadai haki ya kulipiza kisasi kwa kiungo alichobakiwa nacho. Mtumishi wake, Ramlal, alikuwa ameshamwandalia viatu. Waandishi walikuwa wameipeleka hadithi kwenye kifo cha Gabbar tangu mwanzo, na Ramesh Sippy akakipiga kifo hicho.

Wakati filamu inakaribia kutoka, nchi yenyewe ikabadilika. Tarehe 25 Juni 1975 serikali ya Waziri Mkuu Indira Gandhi ilitangaza hali ya hatari. Wapinzani wakakamatwa, magazeti yakawekwa chini ya ukaguzi. Hali hiyo ilidumu hadi Machi 1977. Sholay ilikuwa imepangiwa kutoka tarehe 15 Agosti 1975, siku ya uhuru wa India, wiki saba tu baada ya tangazo hilo. Kwenye meza ya wakaguzi wa filamu ikaonekana kosa lisilovumilika: mtu aliyewahi kuvaa sare ya polisi anamuua mhalifu kwa miguu yake badala ya kumkabidhi kwa sheria. Katika nchi ambayo dola ilikuwa inawaambia raia wote watulie, picha ya namna hiyo ilisomeka kama uchochezi.

Sippy akapinga, akashindwa. Sanjeev Kumar alikuwa safarini Urusi ya Kisovieti, akaitwa arudi. Waigizaji wakarudishwa kwenye mawe ya Ramanagara kupiga mwisho mpya: Thakur ameinua mguu, Gabbar yuko chini, ndipo polisi wanapotokea na kumkumbusha Thakur sheria aliyoitumikia. Gabbar anafungwa pingu na kupelekwa. Tukio la Ramlal akipigilia misumari kwenye soli likaondolewa. Kifo cha Ahmed, mtoto wa imamu wa kijiji, kikapunguzwa hadi kikabaki kidokezo tu: Gabbar anamponda mdudu mkononi mwake, na kitu cha pili tunachokiona ni farasi akirudi kijijini na maiti. Wapo wanaosema kidokezo hicho kinatisha kuliko damu yenyewe. Ikiwa ni kweli, basi mkasi wa serikali ulimsaidia mwongozaji bila kukusudia, na hilo nalo ni fumbo kwa yeyote anayetaka kusema ipi ndiyo picha halisi.

Mkasi haukuweza kufuta kila kitu. Kwenye nakala iliyokatwa Thakur bado anamponda Gabbar mikono kwa soli zenye misumari. Misumari ipo, aliyeipigilia hayupo. Mtazamaji makini angeweza kujiuliza viatu vile vilitoka wapi na vilikuwa vya kazi gani, kama ni vya kumchubua mtu tu hadi polisi wafike.

Picha ilianza kwa kusuasua, na siku za mwanzo zilipokuwa mbaya wakubwa wake wakakutana kujadili jambo jingine zito zaidi: kurudi tena kupiga upya, safari hii Jai apone. Watazamaji, ilidhaniwa, hawakupenda steringi afe. Salim-Javed wakasihi watu wavute subira. Siku chache baadaye foleni zikaanza kurefuka, na mwisho huo wa tatu haukupigwa kamwe. Kwenye ukumbi wa Minerva, Bombay, Sholay ilikaa zaidi ya miaka mitano.

Dar es Salaam haikuhitaji kushawishiwa. Huu ulikuwa mji wa Avalon, Empire, Empress, Odeon, Cameo, New Chox, Amana kule Ilala, na Drive-In kule Msasani, ambako watu walitazama picha wakiwa ndani ya magari. Tangu Awara ya Raj Kapoor ya mwaka 1951 vizazi vilikuwa vimelizwa na sinema za Kihindi bila kujua Kihindi. Tafsiri ilikuwa kazi ya jirani yako wa kiti cha pembeni, na aliyekwisha kuiona picha alikuwa na haki ya kukuambia kinachofuata hata kama hukumuuliza. Kampuni ya Filamu Tanzania, iliyoundwa mwaka 1968, ndiyo iliyopewa kazi ya kuingiza na kusambaza filamu, na Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 ikaweka bodi ya kuzikagua. Kwa hiyo picha iliyokwisha kukatwa kwao ilifika bandarini kwetu ikakabiliwa na meza nyingine ya ukaguzi.

Mjomba aliiona Sholay katika mfumo huo. Nakala iliyokuwa ikionyeshwa kwenye kumbi ilikuwa moja tu, ile iliyopita kwa wakaguzi wa Bombay, yenye dakika 198. Kwa miaka kumi na tano ulimwengu haukuwa na nyingine ya kutazama. Kila aliyelipa kiingilio alimwona Gabbar akipelekwa na polisi.

Kisha sinema za mjini zikaanza kufa. Fedha za kigeni zilikuwa adimu, nakala zilichakaa hadi picha ikawa kama inanyeshewa mvua, na deki za video zikaingia majumbani kwa wenye ndugu Uarabuni na Ulaya. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nacho tangu miaka ya sabini. Televisheni nyingi za kwanza mitaani kwetu hazikuletwa kwa ajili ya habari. Zililetwa kwa ajili ya mikanda. Hapo ndipo kibanda umiza kilipozaliwa: mabati, mabenchi, turubai la kuzuia mwanga, na kelele za jenereta umeme ukikatika. Baadaye wakaja watafsiri, Lufufu akiwa jina kubwa kuliko yote, waliopaza sauti zao juu ya sauti za waigizaji na kuifanya picha ya Hong Kong au ya Bombay izungumze Kiswahili cha Manzese. Mbele ya Lufufu hakuna aliyekuwa na haja ya kuuliza nakala halisi iko wapi. Yeye alikuwa akitengeneza nyingine papo hapo.

Mwaka 1990, kaseti ya VHS iliyotolewa Uingereza ilibeba kitu ambacho ukumbi wowote haukuwahi kukionyesha: Sholay yenye mwisho wa kwanza. Gabbar anakufa. Baadaye toleo hilo likatolewa pia kwenye DVD, dakika 204. Ukitoa 198 unabaki na dakika sita, na ndani ya dakika sita hizo mlikuwamo ugomvi wangu wote na mjomba. Kaseti iliyofika Tabata kwa njia za panya, nakala ya nakala, ilikuwa ya uzao huo.

Hapa mtu angeweza kusema kesi imekwisha: mtoto wa kibanda umiza ameshinda, nakala halisi ni ile ya kaseti. Lakini wanaotafuta asili ya filamu hawaishii kwenye hadithi. Hutazama pia umbo la picha na sauti yake. Sholay ilipigwa kwa filamu ya milimita 35, kisha ikakuzwa nchini Uingereza kuwa milimita 70, picha pana ya uwiano wa 2.2 kwa 1, ikiwa na sauti inayotoka pande kadhaa za ukumbi. Divecha na Sippy walijua kwamba sehemu ya juu na ya chini ya kila fremu itakatwa ili kupata upana huo, wakapanga watu na farasi wao wakilizingatia hilo. Toleo la dakika 204 halikukatwa hivyo. Lilionyesha fremu nzima, karibu na mraba, pamoja na anga na vumbi ambavyo mwongozaji hakutaka tuvione, na sauti yake ilitoka kwenye spika moja ya televisheni.

Kwa maneno mengine, kaseti yangu ilikuwa na mwisho wa kweli ndani ya picha isiyo ya kweli. Ukumbi wa mjomba ulikuwa na picha ya kweli, ila mwisho wake ulikuwa wa serikali. Hakuna aliyekuwa ameiona Sholay ambayo Ramesh Sippy aliikamilisha mwaka 1975, si mimi, si mjomba, si maelfu waliopanga foleni Minerva.

Tatizo hili si geni kwetu watu wa pwani. Wahariri wa tenzi wanalijua vizuri. Al-Inkishafi ya Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir imetufikia kwa miswada inayotofautiana idadi ya beti na mpangilio wake, na kila anayeichapa hulazimika kuamua mkono upi aufuate. Wanazuoni wa hadithi za Mtume walilitafutia dawa zamani sana: kabla hujauliza maneno yamesema nini, uliza yamepokewa kutoka kwa nani, naye aliyapokea kwa nani. Kwenye filamu mapokezi hayo hufuatwa kwa kugusa. Nakala ya ukumbini imezaliwa na nakala ya kati, nakala ya kati imezaliwa na hasi iliyokuwa ndani ya kamera. Kila kizazi hupoteza ukali kidogo na kuongeza mikwaruzo yake. Unapanda ngazi hiyo kurudi nyuma hadi pale inapokatika.

Kwa Sholay ngazi ilikuwa imekatika pabaya. Mwaka 2022 familia ya Sippy iliwasiliana na Film Heritage Foundation, taasisi ya Mumbai iliyoanzishwa na Shivendra Singh Dungarpur, kuhusu makopo ya filamu yaliyokuwa ghalani mjini humo. Mengi hayakuwa na lebo. Ndani yake zilikutwa hasi za picha na za sauti. Makopo mengine yalikuwa yamehifadhiwa Uingereza. Hasi ya kamera, mama wa nakala zote, ilikuwa imeharibika vibaya. Filamu za aina hiyo huugua ugonjwa wa siki: plastiki yake inaoza, inatoa harufu kali ya siki, inajikunja na kusinyaa hadi haipiti tena kwenye mashine. Nakala za milimita 70, zile zilizojaza kumbi, hazikusalia hata moja.

Tabata tuna kituo cha daladala kinachoitwa Dampo. Ni kumbukumbu ya jaa la jiji ambalo wakazi walilipeleka mahakamani mwaka 1988, hadi mahakama ikaamuru jiji lisimwage taka tena pale. Nimepita Dampo mara nyingi nikiwaza juu ya makopo yasiyo na lebo. Kinachotenganisha ghala na jaa, mara nyingi, ni mtu mmoja aliyeandika jina juu ya kifuniko.

Wakarabati hawakuipata asili mahali pamoja. Waliikusanya. Picha ilitoka kwenye nakala za kati zilizopatikana Uingereza na Mumbai, mwisho wa kwanza na matukio mawili yaliyokatwa vikarudishwa mahali pake, na uwiano wa 2.2 kwa 1 ukarejeshwa. Kazi hiyo, iliyofanywa pamoja na maabara ya L'Immagine Ritrovata ya Bologna, Italia, ilichukua miaka mitatu. Tarehe 27 Juni 2025, kwenye uwanja wa Piazza Maggiore wa Bologna, wakati wa tamasha la Il Cinema Ritrovato, Thakur alimuua Gabbar kwenye picha pana kwa mara ya kwanza mbele ya umma. Tarehe 12 Desemba 2025 toleo hilo likaingia kwenye kumbi za India. Dharmendra hakuishi kuiona siku hiyo. Alifariki tarehe 24 Novemba.

Hivyo Sholay iliyo asili kuliko zote ndiyo changa kuliko zote. Imezaliwa miaka 50 baada ya picha yenyewe kutoka. Ni halali, kwa sababu kila kipande chake kina mapokezi yake. Hata hivyo siwezi kukubali kwamba nakala ya mjomba sasa ni takataka. Ukitaka kujua Ramesh Sippy alikusudia nini, tazama ya mwaka 2025. Ukitaka kujua dola iliogopa nini mwaka 1975, itakubidi utazame ile ya dakika 198, maana hofu hiyo haikuandikwa mahali pengine kwa ufasaha kama pale polisi wanapotokea kwenye mawe ya Ramanagara wakati hakuna aliyewaita.

Wala hofu hiyo haikwisha na India ya zamani. Mwaka 2018, jirani zetu Kenya, bodi ya filamu ilimtaka Wanuri Kahiu abadilishe mwisho wa filamu yake Rafiki, ambao uliwapa wahusika wake tumaini. Alikataa, filamu ikapigwa marufuku, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaruhusu ionyeshwe kwa siku saba tu. Filamu ina mambo mengi ya kumkera mkaguzi, lakini mwisho ndiko mkono wake unakokimbilia, kwa kuwa mwisho ndio mtu anaotoka nao ukumbini. Tofauti ni kwamba Kahiu hakupiga mwisho wa pili. Rafiki ilibaki na nakala moja, na hakuna mtoto wa Nairobi atakayegombana na mjomba wake juu yake.

Siku hizi ubishi wa filamu ukizuka kijiweni kwetu, sijiungi na upande wowote kabla sijamuuliza kila mtu aliionea wapi, na lini. Mara nyingi ugomvi hufia hapo.

Kwa mjomba nilikwenda mwenyewe. Amezeeka, macho yake yana mtoto wa jicho, lakini Sholay haijafifia kichwani mwake. Nikamweleza yote: wakaguzi, hali ya hatari, kaseti ya Uingereza, makopo, Bologna. Nikamwambia kwamba hakukosea, nami sikukosea. Alisikiliza kwa utulivu wa mtu anayesubiri sehemu yenye maana.

“Sasa hiyo mpya,” akauliza, “Jai anapona?”

“Hapana, mjomba. Jai anakufa zote.”

Akatikisa kichwa, akavuta kikombe chake cha chai.

“Basi hawajatengeneza kitu.”